Tarakimu 48 Njiani Kwenda Mugumu

Ukitaka kumpeleka mwenzi wako Serengeti, karibu kila mtu atakuelekeza Arusha. Sisi tuliingilia mlango wa nyuma: Mwanza, Bunda, daraja la Kirumi, hadi Tarime, nyumbani kwa mume wangu. Ilikuwa Agosti, wakati nyumbu wanavuka Mto Mara upande wa Kogatende, na safari hii nilikuwa nadaiwa. Miaka miwili mfululizo niliiahirisha kwa ajili ya kazi. Ya tatu mume wangu hakufoka. Alisema tu, "Usiponiahidi hakuna neno. Ila usiniahidi tena halafu uvunje."

Tarime siyo ile mnayoisikia vijiweni Dar. Mji uko juu, una migomba kila upande na jioni baridi inakung'ata (beba sweta, usije ukalia). Mpaka wa Sirari uko karibu, kwa hiyo sokoni usishangae kukuta pesa ya Kenya. Na ukarimu wa ukweni kwangu si wa kuhadithiwa.

Usiku wa kwanza nikafungua kompyuta nimalizie kurasa mbili, maana toleo lilikuwa linakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Ikajipiga apdeti, ikazima, ikawaka na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Yaani siyo paswedi, ni makundi manane ya tarakimu sita sita! Kitu chenyewe kinaitwa BitLocker, kufuli inayofunga kila kilichomo ndani ili mwizi akiiba mashine asisome chochote. Ikihisi kuna kilichobadilika, hata mwenye mali inamwona mwizi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, kampuni iliyotuuzia. Muziki. Vocha inateketea. Muziki tena.

"Dada, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Nilijaribu. Nikaambiwa niangalie kwenye akaunti yangu mtandaoni. Nikaangalia kwa simu, hamna kitu. Nikapewa namba ya tiketi. Kupiga mara ya pili, akapokea mwingine, tiketi haioni, na yeye anauliza kama nimezima na kuwasha. Wa tatu akanitaka niilete ofisini kesho kabla ya saa sita.

"Niko Tarime, kaka."

Kimya kidogo. "Basi keshokutwa."

Mume wangu akasogea. "Nikuangalizie?"

"Haya si mambo yako," nikamjibu. "Waachie wataalamu."

Mama mkwe alikuwa ameandaa kuku na ugali wa mtama, akakaa mbele yangu anione nikila. Nikala kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu sikioni. Nikamsikia akimuuliza mwanawe, "Anaongea na nani?"

"Na kompyuta, mama."

Asubuhi tukaelekea Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Njia inapita Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Pale mtandao ulishika vizuri, nikapiga tena. Bado nasikiliza muziki tulipofika daraja la Mto Mara. Mume wangu akasimamisha gari, akashuka, akaniita. Akaanza kunieleza: huu ndio ule ule tuliouvuka Kirumi jana. Unatoka Mau huko Kenya, unapita kwa nyumbu, unapita hapa, ndipo unamwagika Ziwa Victoria. Utotoni alikuwa akiletwa hapa na marehemu baba yake.

Nikasema "mm". Sikushuka, niliogopa simu itakata.

Akarudi, akafunga mlango polepole. Wake wenzangu mnajua, wa kubamiza hauna shida, wa polepole ndio mbaya. Mpaka Mugumu hatukusemeshana.

Mjini nikaingia steshenari ya kwanza niliyoiona. Kijana wa pale, hata miaka 25 sidhani, akaitazama skrini.

"Dada, nani aliifungua hii kompyuta?"

"Ni yangu."

"Siuliziwi ni ya nani, dada. Siku ya kwanza kabisa, nani aliiwasha akaweka baruapepe?"

Siku mbili, simu sijui ngapi, swali hilo hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikujiuliza.

"Mimi," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa amekuja kununua maji. Kompyuta ilikuwa zawadi yake kwangu. Alinikabidhi ikiwa tayari, kila kitu kimewekwa. Kumbe kwa akaunti yake. Kijana akamwelekeza aingie kwa simu, na ufunguo ukawa hapo, herufi zake nane za utambulisho zikilingana na zilizo kwenye skrini. Akatutoza shilingi 2,000 tu.

Mume wangu akavuta kiti, akaanza kunisomea. Kwenye kundi la sita akanyamaza.

"Nikikumalizia, kesho tunatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Kurasa nazituma leo leo. Simu inabaki chumbani."

Akaniangalia bila kusema kitu.

"Na ule mto," nikasema, "ulisema unatokea wapi?"

"Andika kwanza," akasema. "Nane, mbili, sifuri..."