Baiskeli ya Marehemu Kaka

Baba alipofariki, mwaka 2011, hakuacha mali ya kuwasumbua mahakimu: nyumba, cherehani mbili, samadari moja, na baiskeli ya mtoto iliyoning'inia darini. Vyote vilitakiwa kutiwa thamani ili warithi tugawane. Nyumba ilipata bei kwa siku moja. Baiskeli ndiyo iliyotushinda.

Ilikuwa ya kaka yetu. Alinunuliwa mwaka 1962, akiwa na miaka saba, na homa ikamchukua 1966. Tangu siku ile haikuguswa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa tukiamini. Mimi nilikuwa wa miaka minne, nikakua nikiitazama kutoka chini kama mtoto atazamavyo embe la jirani.

Mwenye hoteli mmoja wa Mji Mkongwe alitaka kuitia ukumbini kama pambo, akataja shilingi 150,000. Kabla ya kumjibu niliishusha nikaipeleka Mlandege, nikipenya baina ya majora ya vitambaa na wachuuzi, hadi kwa fundi mzee niliyemjua.

Alianza na nembo ya mbele: kichwa cha korongo, na chini yake Nottingham. Raleigh halisi. Nikamwonyesha namba ya fremu, nikidhani ndiyo cheti cha kuzaliwa. Akacheka. Namba za Raleigh, alisema, zimewapoteza wengi. Akaigeuza, miguu juu, akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akasugua kitovu cha gurudumu la nyuma mpaka maandishi yakatoka: Sturmey-Archer, AW, 68, na pembeni 3.

"Huyu husema mwaka na mwezi wake," akasema. "Machi, sitini na nane."

Nikamwambia haiwezekani. Mwenyewe alikwisha kufa.

"Sheikh, mimi nakusomea chuma tu."

Kisha akanionyesha mengine. AW ni kitovu cha gia tatu, lakini usukanini hapakuwa na kishikio cha gia, wala kwenye fremu alama ya mahali waya ulipopita. Gurudumu hilo lilitiwa baadaye, kwa kuwa ndilo lililopatikana. Meno ya mbele yalikuwa yameliwa. Ya nyuma makali, hayajawahi kukaza mnyororo. Tairi la nyuma lilikauka likapasuka bila kukanyaga barabara. Kwa mnunuzi wa vitu vya kale, gurudumu lisilo la asili hupunguza bei. Mwenye hoteli aliposikia alishuka hadi 96,000, na sikumlaumu.

Jioni nilimuuliza mama. Alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua uso.

"Baba yako aliliagiza kwa mtu. La zamani lilikuwa limepinda. Alitaka uanzie skuli nayo. Akalifunga usiku, akaitia mafuta, akaipiga kitambaa. Asubuhi akaipandisha tena darini, asiseme neno. Na mimi sikumuuliza."

Sheikh aliyetugawia mirathi alinisikiliza kwa upole. Hiba haitimii kwa nia, alisema; hapakuwa na tamko wala makabidhiano. Baiskeli haikuwa yangu. Tena haikuwa ya baba yote: aliyepewa ni kaka, na mtoto akifa akaacha wazazi na ndugu zaidi ya mmoja, mama hupata sudusi. Kwa hiyo tangu 1966 mama alimiliki sehemu moja ya sita ya baiskeli ile, na hakuna aliyewahi kumwambia. Katika sehemu tano za baba akapata tena thumni yake ya mjane.

Niliamua kuichukua mimi kwa bei ileile. Katika 96,000, fungu langu lilikuwa 35,000. Dada zangu wawili nikawalipa 17,500 kila mmoja, na mama 26,000. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akafungua tena na kunirudishia elfu mbili.

"Kanunue waya wa gia," akasema.