Kuteleza na Kuanguka: Dadu, Shujaa na Kanuni ya Kuboronga

Wahenga waliponena kwamba kuteleza si kuanguka, yamkini hawakuwahi kumwona mchezaji anayeitazama dadu yake ya nyuso ishirini ikitua kwenye nambari 1. Katika meza nyingi zinazochezewa michezo ya kuigiza wahusika, hapo ndipo kuteleza na kuanguka hufanywa kitu kimoja.

Michezo hii ilianza kujulikana mwaka 1974, pale Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons kutoka mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatapata taabu kuuelewa mchezo wenyewe. Yupo fanani, yaani msimamizi, anayesimulia mahali, hatari na maadui. Ipo hadhira pia, ila hadhira hii haiketi ikangoja kuitikia tu. Kila mmoja amejitwika mhusika wake, humsemea na kumwamulia, pengine kwa miaka miwili au mitatu mfululizo. Panapotokea jambo lisilo na hakika, kwa mfano iwapo upanga utamfikia adui au utamkosa, dadu hurushwa.

Kanuni ya kuboronga husema kwamba anayepata 1 hakosi tu, bali huharibu. Upanga humponyoka, ugwe wa upinde hukatika, mshale humpata mwenzake mgongoni. La kutia maanani ni kwamba toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 haliamuru hayo. Kwalo, 1 katika shambulio ni kukosa, hata awe stadi namna gani anayeshambulia, na basi. Mengine huongezwa na wachezaji wenyewe, nao huyaongeza kwa bashasha, bila kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uwezekano wa kupata 1 kwenye dadu ya nyuso ishirini ni asilimia 5. Katika toleo hilo la 2014, mpiganaji chipukizi hushambulia mara moja kwa zamu. Aliyefika ngazi ya 20, ambayo ndiyo kilele cha ustadi, hushambulia mara nne. Pigano likiendelea kwa zamu tano, chipukizi atarusha dadu mara 5, na uwezekano wa kuboronga angalau mara moja ni takriban asilimia 23. Gwiji atairusha mara 20, na uwezekano wake hupanda hadi asilimia 64. Kadiri mtu anavyobobea katika upanga ndivyo upanga unavyozidi kumponyoka! Ilhali mchawi anayetupa mpira wa moto hana wasiwasi wowote, kwa kuwa hapo ni wanaotupiwa ndio wanaorusha dadu kujinusuru. Kanuni iliyokusudiwa kuonyesha kwamba kila binadamu hukosea huishia kumtoza kodi yule anayetenda zaidi kwa mkono wake.

Fauka ya hayo, gharama haigawanywi sawa. Jambazi asiye na jina akiangusha panga lake, hakuna linaloharibika. Alikuwa afe tu. Mhusika wa mchezaji ndiye anayerudi pigano baada ya pigano, kwa hiyo ndiye anayekutana na kila balaa iliyoandikwa katika jedwali. Gygax mwenyewe, katika mwongozo wake wa wasimamizi wa mwaka 1979, aliyapinga mapigo makuu yanayoua ghafla kwa hoja iliyo karibu na hii: yangefupisha maisha ya wahusika wa wachezaji.

Wapo wanaoitetea kanuni hii kwa sababu ya kicheko, na hoja yao si ya kupuuzwa. Vitabu vya Rolemaster, vilivyoanza na Arms Law mwaka 1980, vilipata sifa kwa majedwali yake ya balaa. Mojawapo lina shujaa anayejikwaa kwa kobe mfu ambaye hata hayupo. Nani asiyecheka? Lakini mtu aliyetumwa na kukemewa kazini juma zima, akaja Jumamosi jioni awe jasiri kwa saa tatu, hucheka mara ya kwanza. Mara ya nne anatambua kwamba wenzake hawamcheki kobe.

Fasihi ina la kusema hapa. Fumo Liyongo alikuwa mpiga mishale asiye na kifani, na hakufa kwa upinde kumponyoka. Alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, aliyekuwa amehadaiwa na maadui wa babake. Hata mauti yalipomfika alipiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari kwenye upinde, watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Anguko hilo lina siri, lina usaliti, lina mtu aliyeaminiwa. Ugwe ungekatika tu na mshale ukamchoma mguuni, lingekuwa anguko la upinde, si la Liyongo. (Aristotle naye alipotafuta neno la kosa la shujaa alichukua hamartia, ambalo asili yake ni kukosa shabaha. Kukosa shabaha, si kujipiga mshale.)

Haimaanishi kuboronga kuondolewe kabisa. RuneQuest, mchezo wa mwaka 1978 ulioandikwa na Steve Perrin na wenzake, ulilitatua tatizo hili mapema. Humo ustadi hupimwa kwa asilimia, na uwezekano wa kuboronga ni sehemu moja ya ishirini ya uwezekano wa kukosa. Mwenye ustadi wa 20 huboronga mara nne katika mia. Mwenye ustadi wa 80 huboronga mara moja. Hapo gwiji hubaki gwiji, na bado ana siku yake mbaya.

Apocalypse World ya Vincent Baker, ya mwaka 2010, ilipita njia nyingine. Mchezaji akipata 6 au chini ya hapo kwa dadu mbili za kawaida, msimamizi hupewa nafasi ya kuibadilisha hali yenyewe: walinzi wawasili, mlango ufungwe, mtu aliyefichwa aonekane. Mhusika amepatikana na balaa bila ya kufanywa juha.

Yapo pia meza ambazo msimamizi, 1 ikitokea, huinamisha daftari lake na kumuuliza mwenye dadu: “Je, limetokea nini?” Mchezaji hunyamaza kidogo. Kisha husimulia jinsi mpiganaji wake alivyouinua upanga, akamtambua aliyesimama mbele yake, na mkono ukasita.