Picha Tatu

Ni desturi ya wapenda sinema, wanapokutana, kuulizana swali moja: katika picha zote ulizopata kuziona, ipi uipendayo zaidi? Kwa kijana swali hili ni jepesi kama unyoya. Hutaja jina moja mara moja, akalitetea kama atetevyo jina la ukoo wake. Kwa mzee ni zito, kwa sababu miaka hubadili macho, na macho yakibadilika picha ile ile haiwi tena ile ile. Mimi nimekwisha pita miaka sabini, wala siwezi kutaja picha moja bila ya kuzidhulumu nyingine. Naweza kutaja tatu, kila moja kwa wakati wake. Na kwa kuwa picha hizo zilinionyesha jambo nisilopenda kulijua juu ya nafsi yangu, sina budi kulisimulia na jambo hilo.

Ya kwanza ni Awara, iliyotengenezwa na Raj Kapoor katika mji wa Bombay mwaka 1951. Niliiona Unguja siku ya Idi ya mwaka 1958, nikiwa mtoto wa miaka kumi. Baba ndiye aliyenichukua. Alikuwa hamali katika ghala moja la nafaka, mtu wa mgongo mpana na maneno machache, wala sikupata kumwona akitoa fedha kwa anasa ila katika siku za Idi. Tulisimama katika msururu wa kanzu mpya na harufu za udi, kisha tukaingia gizani.

Hadithi ya picha ile ni ya hakimu aitwaye Raghunath, aliyeamini ya kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mwana wa mwema hana budi kuwa mwema. Kwa shaka tupu alimfukuza mkewe mja mzito, na mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba yake akakulia katika vichochoro vya mafukara. Mama akaugua, njaa ikabisha hodi, mtoto akaiba mkate, akakamatwa. Gerezani, mahali alipotiwa kwa kukosa mkate, mkate ulikuwapo. Aliyecheza kama hakimu alikuwa Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor mwenyewe. Walakini hilo nililijua baadaye sana. Siku ile sikujua Kihindi ila maneno machache ya dukani, wala hapana mtu katika ukumbi ule aliyeomba mkalimani. Warusi nao, picha ilipofika kwao mwaka 1954, waliijaza majumba kwa mamilioni, na Kihindi hawakukijua zaidi yetu.

Mtoto yule alipokamatwa na mkate wake nililia kwa sauti. Nilipogeuka nilimwona baba akijifuta uso kwa mkono wa kanzu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alivumisha sauti ya wimbo wa picha ile, nami nikaona ya kuwa hapana mtu ampendaye baba yake kama mimi.

Miaka miwili baadaye mama alikuwa kitandani kwa maradhi yaliyofuata uzazi, na dhiki ilikuwa imekaa kwetu kama mgeni asiyeaga. Alasiri moja nilikuwa nikitoka chuoni, juzuu kwapani, nikaona kundi la watu mbele ya ghala. Nikajipenyeza kwa tamaa ya kutazama. Baba alikuwa amesimama katikati. Kikapu chake kilikuwa kimepinduliwa, na mchele umemwagika miguuni pake, kiasi cha vibaba viwili. Msimamizi alikuwa amemshika ukosi wa shati, akiwauliza waliokuwapo mwizi astahili nini. Baadhi yao walicheka. Baba aliinua macho, akaniona. Nami nikageuza uso, nikashika njia yangu kama mpita njia asiyemjua mtu yule.

Jioni alirudi hana kazi. Hakunitajia neno, wala mimi sikumtajia. Mwizi wa mkate aliyekuwa kivuli juu ya nguo nyeupe nilimlilia mbele ya mamia ya watu. Mwizi wa mchele aliyekuwa nyama na damu yangu nilimkana mbele ya watu wasiozidi ishirini.

Niliendelea kwenda sinema. Pengine nilikwenda zaidi, maana gizani hapana anayekutazama. Nilipendezwa na picha za wafalme na mapenzi, hasa Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960, ambayo sehemu kubwa yake ni nyeusi na nyeupe, kisha jumba la vioo likafunguka ghafula kwa rangi zote. Sizidunishi picha hizo. Zilitengenezwa kwa ustadi na subira kubwa. Walakini nakiri ya kwamba nilizipenda kwa kuwa zilinipeleka mbali na kwetu.

Picha ya pili niliiona mwaka 1972, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa Wezi wa Baiskeli, ya Mtaliana Vittorio De Sica, iliyotolewa mwaka 1948. Tuliitazama katika chumba cha joto, mashine ikinguruma nyuma yetu. Ni habari ya Antonio, mtu wa Roma baada ya vita, apataye kazi ya kubandika matangazo kutani. Kazi yenyewe yataka baiskeli, na baiskeli yake imewekwa rehani. Mkewe atoa mashuka ya kitanda yawekwe badala yake. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli yaibiwa. Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wauzunguka mji kuitafuta wasiipate, hata mwishowe baba ashindwa na nafsi yake, aiba baiskeli ya mtu mwingine. Akamatwa pale pale, apigwa, avuliwa heshima mbele ya umati. Mwenye baiskeli amtazama mtoto aliaye kando ya baba yake, kisha asema mtu huyo aachwe aende zake. Baba na mwana waondoka. Baba alia, na mtoto amshika mkono.

Mtu aliyecheza kama Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mchezaji. Alikuwa mfanya kazi wa kiwandani. Labda kwa sababu hiyo mabega yake yalikuwa mabega ya hamali. Taa zilipowashwa wenzangu walianza kujadiliana juu ya ukosefu wa kazi na mipango ya uchumi, na maneno yao yalikuwa ya kweli. Mimi nilitoka nje nikasimama chini ya mti mpaka chumba kikafungwa.

Likizo ilipofika nilivuka kwenda Unguja. Jioni moja, tulipokuwa tumeketi barazani, nilimsimulia baba picha ile tangu mwanzo hata mwisho. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipokwisha aliuliza neno moja:

“Mwenye baiskeli alimwachia kwa nini?”

“Alimwona mtoto wake, baba.”

Alinyamaza kitambo, tasbihi ikipita vidoleni mwake.

“Basi mtoto yule alimfaa baba yake.”

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu apimaye kitu akakiona kimetimia kipimo. Mimi nilikuwa nimewaza miaka kumi na miwili juu ya aibu yangu, wala sikuwaza hata mara moja ya kwamba kama ningalisimama pale kando ya kikapu, huenda ule mkono ungaliuachia ukosi. Nilifungua kinywa niseme neno. Baba alinyanyua mkono kama afukuzaye nzi.

“Yamepita, mwanangu. Sikiliza, yaadhiniwa.”

Tukaondoka pamoja kwenda msikitini. Njiani nilimshika mkono, kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Au ndivyo nilivyojiambia.

Ya tatu ni Hadithi ya Tokyo, ya Mjapani Yasujiro Ozu, iliyotoka mwaka 1953. Niliiona katika kanda ya video mwaka 1996, baba akiwa amekwisha kufa miaka kumi na mitatu. Wazee wawili, mume na mke, wasafiri kutoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto si wabaya. Mmoja ni daktari mwenye wagonjwa, mwingine ana duka la kusukia nywele, na kila mmoja ana udhuru. Wazee wapelekwa katika mji wa pwani, Atami, ili wasisumbue. Atoaye siku yake nzima kuwatembeza ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani, asiye na damu yao. Warudi kwao, mama afa, baba abaki peke yake katika chumba kimya. Ozu hupenda kuiweka kamera chini, kimo cha mtu aliyeketi, kwa hiyo mtazamaji huwaona watu wale kama aliyekaa nao mkekani.

Sikuweza kuitazama mara moja hata mwisho. Nilikumbuka ya kuwa mwaka 1979 baba alikuja Dar es Salaam kunitazama. Nilikuwa na kazi nyingi ofisini. Kijana wa jirani ndiye aliyemtembeza bandarini na Kariakoo. Alikaa siku nne, akaniambia amefurahi sana, akarudi zake. Nilimwamini, kwa kuwa kumwamini kulikuwa rahisi.

Hivi ndivyo nilivyozipenda picha hizo tatu. Ya kwanza nilipendea machozi yangu mwenyewe. Ya pili nilipendea ukweli wake, ingawa uliniumiza. Ya tatu naipenda kwa kuwa sasa mimi ndiye mzee wa chumba kile, na watoto wangu wana udhuru wa haki kama niliokuwa nao mimi. Mwaka jana nilimwonyesha mjukuu wangu Awara. Alicheka palipochekesha, na mtoto alipokamatwa na mkate alilia, kama nilivyolia mimi. Nilifurahi kuyaona machozi yake, walakini sikuyasifu. Machozi ya gizani hayamgharimu mtu kitu. Mtu akiniuliza tena ni picha ipi iliyo bora, nitamwuliza na mimi: ulipotoka ndani, ukakuta jua na watu njiani, ulimwendea nani?