Vilima Vitatu kwa Siku Moja

Ijumaa, 10 Mei 2024, Florence

Nimelipia ziara ya kesho: Monteriggioni, Siena na San Gimignano, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wifi kaisoma ratiba, akaguna. "Wifi yangu, hiyo si matembezi, huko ni kukimbizwa. Na viatu hivyo viache, huko ni mawe na vilima." Sijaviacha. Ni vipya na vinanipendeza.

Jumamosi, 11 Mei

Monteriggioni tumepewa dakika 40, na zimetosha. Ni ukuta wa mviringo juu ya kilima wenye minara 14. Watu wa Siena walianza kuujenga 1213 ili wapate pa kuwachungulia mahasimu wao wa Florence. Mshairi Dante aliyafananisha majitu ya Jehanamu na minara hii. Leo ndani kuna kiwanja, kanisa dogo na maduka ya sabuni.

Siena ndiyo iliyoniweza. Unashuka kichochoro chembamba chenye kivuli, mara jua linakupiga usoni: Piazza del Campo, uwanja wa matofali mekundu ulioinama kama ganda la kombe, uliogawanywa kwa mistari ya mawe meupe katika vipande 9, kwa kumbukumbu ya Baraza la Tisa lililoutawala mji tangu 1287 hadi 1355. Watu wamekaa chini, wengine wamelala kabisa. Nami nikakaa. Tofali lina joto kama sakafu ya ua saa kumi za jioni.

Hapa ndipo farasi hukimbia, 2 Julai na 16 Agosti, udongo ukiwa umemwagwa juu ya matofali. Mji una mitaa 17, na kila mbio hushindana mitaa 10. Mtu huzaliwa wa mtaa wake na huzikwa wa mtaa wake. Watu wa mtaa wa Konokono na wa mtaa wa Kobe, kwa mfano, hawapikiki chungu kimoja.

Kisha kanisa kuu. Pembeni yake pamesimama ukuta mrefu mno, peke yake, madirisha yake yakionyesha mbingu tu. Mwaka 1339 Siena ilianza kujenga kanisa kubwa kiasi kwamba hili la sasa, ambalo si dogo, lingekuwa mkono wake tu. Mwaka 1348 ikaja tauni. Agnolo di Tura, mwandishi wa tarehe za mji, aliandika kuwa aliwazika wanawe 5 kwa mikono yake mwenyewe. Nani angebaki wa kubeba mawe? Kazi ikafa, ukuta ukabaki.

Nilitaka kuingia Palazzo Pubblico kuona michoro ya Ambrogio Lorenzetti, Serikali Njema na Serikali Mbaya. Mtembezaji wetu akanionyesha saa yake.

San Gimignano tumefika miguu yangu imeshatoka malengelenge. Minara 14 tena! Zamani ilikuwa ipatayo 70. Mji ulitajirika kwa zafarani na kwa mahujaji waliokuwa wakipita kwenda Roma, na kila ukoo wenye pesa ukapandisha mnara wake kumkomoa jirani. Torre Grossa, wa serikali, uliokamilika 1311, una mita 54. Sikuupanda, kwa sababu ninayoijua mimi na viatu vyangu.

Nimekaa kwenye ngazi za kisima cha Piazza della Cisterna. Kilijengwa 1273, kikapanuliwa 1346, miaka miwili tu kabla ya tauni kupunguza watekaji maji. Ukingo wake wa jiwe umechimbika mifereji kwa msuguano wa kamba. Nikatia kidole katika mmoja, kikazama hadi fundo la kwanza. Minara ni majivuno ya watu wachache. Mifereji hii wameichimba watumishi na kina mama, ndoo kwa ndoo.

Baada ya tauni mji ulifukarika, ukaangukia mikononi mwa Florence, na njia ya mahujaji ikahamia kwingine. Hapakuwa na pesa ya kubomoa na kujenga upya. Leo tunalipa euro kuja kuutazama ufukara huo.

Jumapili, 12 Mei

Miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Wifi hajasema neno, kaniwekea tu ndara zake mlangoni.

Mchana nimeuliza kituoni: mabasi ya Siena yapo mengi. Nitarudi Alhamisi, nilale huko usiku mmoja, nimwone Lorenzetti. Kwa ndara.