Koa wa Rangi katika Tangi la Kioo

Bila shaka umewahi kumwona konokono akitambaa bustanini baada ya mvua, amebeba gamba lake mgongoni. Huenda pia umemwona koa, ambaye ni jamaa wa konokono lakini hana gamba. Baharini nako wako koa, na wengi wao wana rangi kali kama kanga zilizoanikwa kambani. Usiwachanganye na majongoo bahari, ambao ni wanyama wa jamii nyingine kabisa. Nataka kukueleza habari za koa mmoja niliyemfuga vibaya.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Tanga. Nyumbani nilikuwa na tangi la kioo lenye lita 60 za maji ya bahari, pampu ndogo ya hewa, mawe machache na samaki wanne wadogo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Kwa hiyo tangi langu lilikuwa na chumvi zaidi ya kilo mbili. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiondoki pamoja nayo. Kwa sababu hiyo nilichora mstari kwenye kioo, na kila asubuhi niliongeza maji ya mvua mpaka yafike mstarini. Fikiri mwenyewe: ingekuwaje kama ningeongeza maji ya bahari kila siku? Mambo hayo ya maji niliyajua vizuri, nami nikajiona fundi wa kufuga.

Siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa sana, nilikwenda mwambani. Katika kidimbwi nikamwona koa mwenye urefu wa sentimeta 7. Alikuwa mweusi, mwenye matuta ya rangi ya samawati iliyofifia, na juu ya matuta hayo palikuwa na vinundu vyenye ncha za manjano. Pembe zake mbili, ambazo koa hutumia kunusia majini, zilikuwa za manjano pia. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta pweza aliniambia, "Mwalimu, huyo hata samaki hamgusi." Nilicheka, nikamtia koa ndooni. Ilinipasa kumwuliza, "Kwa nini, mzee?"

Asubuhi ya pili samaki wote wanne walikuwa wakielea, matumbo yakitazama juu. Koa alikuwa akitambaa kiooni polepole, mzima kabisa.

Ndipo nilipoanza kumchunguza, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kumchukua. Koa wengi wa baharini hubeba matamvua yao mgongoni, yamechanua kama ua. Huyu hakuwa na ua hilo. Nilipomtazama kwa chini kupitia kioo, niliona matamvua yake yamepangwa chini ya ukingo wa mwili. Alama hiyo, pamoja na rangi zake, ilinifikisha kwenye jina lake la kisayansi, Phyllidia varicosa. Nilipolijua jina, nilijua na mengine. Mwaka 1963 mwanasayansi R. E. Johannes alieleza kwamba koa huyu hutoa ute wenye sumu ya kuua samaki. Mwaka 1975 wanasayansi wa Hawaii walionyesha kwamba sumu hiyo huipata katika chakula chake. Chakula chenyewe ni sifongo, mnyama wa baharini atuliaye mahali pamoja, mwenye vitundu vingi mwilini. Rangi za koa huyu basi ni onyo, na samaki huliona. Mimi niliona uzuri tu.

Sasa nilihitaji sifongo. Nilileta wa aina mbili kutoka ufukoni. Koa akawapita kama mawe. Koa wengi hula aina moja au chache tu za sifongo, wala njaa haiwafanyi wale aina nyingine. Ningalimrudisha kidimbwini siku ileile. Badala yake nilisema kesho, halafu kesho tena, kwa kuwa nilipenda kumtazama. Kila jioni nilimpima kwa rula. Siku ya 10 alikuwa na sentimeta 6. Siku ya 17 alikuwa na 5. Siku ya 19 nilimkuta chini ya tangi, ameachia kioo.

Tangi lilikaa tupu karibu mwaka mzima. Kisha nililetewa shada la mwani wa kijani, na ndani yake mlikuwa na koa wawili wa kijani, kila mmoja mdogo kama ukucha. Hao walikuwa wa jamii iitwayo Elysia. Hawakuhitaji kutafutiwa chakula, maana nilikuwa nimewapokea wakiwa juu yake! Koa hao hutoboa mwani na kufyonza utomvu, na chembe za kijani za mwani hubaki miilini mwao. Kila siku ya nne niliwaletea mwani mpya wa aina ileile.

Siku ya 6 niliona utepe mweupe umejiviringisha kwenye kioo kama ukili unaoanza kushonwa mkeka wa duara. Ulikuwa utepe wa mayai. Siku mbili baadaye palikuwa na wa pili. Kila koa ni dume na jike kwa pamoja, hivyo wote wawili walikuwa wametaga. Bamvua lilipofika niliwapeleka mwambani, pamoja na shada lao, nikawaweka katika kidimbwi chenye mwani kama wao.