Sabuni, Viputo na Watu wa "Digrii Yako Iko Wapi?"

Wasee, leo ni fizikia. Usipite kwanza.

Simu yako ikishika moto ukicheza gemu, shida ni joto kukosa njia ya kutoka haraka. Kompyuta kubwa zina shida hiyo hiyo, tena kali zaidi. Dawa moja ni kuchemsha kimiminika karibu kabisa na chipu. Mbona kuchemsha? Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunakula kama kilojuli 335. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunakula karibu 2,260. Kila kiputo kinachopanda kimebeba sehemu ya huo mzigo.

Viputo huanzia kwenye mikwaruzo midogo ya chuma, mingine huioni kwa macho. Maji matupu yana mvutano mkubwa wa uso, kama ngozi ngumu. Kwa hivyo kiputo kinakwama pale, kinanenepa, ndio kiachilie. Tia safaktanti kidogo, yaani kemikali za familia ya sabuni, mvutano unashuka. Viputo vinakuwa vidogo, vingi, na vinang'oka mapema. Joto linaenda navyo.

Lakini sabuni ikizidi, faida inaisha, unabaki na povu. Na moto ukizidi, viputo vinaungana, mvuke unafunika chuma kama blanketi, joto linanaswa chini yake. Hapo chuma kinaweza kuungua.

Mwaka 2015, watafiti wa MIT kule Marekani walitumia safaktanti zenye chaji. Wakibadilisha volti kidogo tu, molekuli zinashika chuma au zinakiachilia. Viputo vikawa vinawashwa na kuzimwa kama taa.

Sasa, nikiposti mambo kama haya, lazima mtu aulize: "Digrii yako iko wapi?" Sina. Karo ilinishinda nikatoka chuo. Lakini kinachoniuma zaidi si hicho. Ni kwamba darasani tulikariri mvutano wa uso bila kuchemsha hata kikombe kimoja cha maji. Wangapi waliamua sayansi si yao, na sufuria iko jikoni kwao?

Leo maji ya chai yakianza kuchemka, chungulia. (Sabuni usiweke, mathako atakufukuza.) Utaona viputo vinatoka palepale, kimoja nyuma ya kingine. Jiulize mbona ni hapo tu. Hilo swali halihitaji digrii, na hakuna mtu wa kukuzuia kuuliza.