Tafuta Fundi Kabla ya Upinde

Mpwa wangu mpendwa,

Nimepata salamu zako, na habari kwamba umeazimia kuanza kuwinda kwa upinde huko Ohio. Unaniuliza ununue upinde gani. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni ununue kwa nani, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kwa kirefu. Upinde wa bei kubwa ulionunuliwa kwa mtu asiyekupima utakuumiza bega, utakula pesa zako, na baya kuliko yote, utamjeruhi mnyama bila kumuua. Upinde wa kawaida ukipita mikononi mwa fundi mwaminifu utakutosha miaka mingi.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa upinde. Wawaata wa Tsavo, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walikuwa wakiangusha ndovu kwa mishale, na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanawinda kwa upinde hadi leo. Lakini ndovu wa Mwaata hakufa kwa nguvu za mshale peke yake. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti, sumu inayousimamisha moyo. Ilitosha uingie nyamani. Kazi iliyobaki ilifanywa na damu ya mnyama mwenyewe. Huko uliko sumu imekatazwa na sheria. Kulungu wa mkia mweupe atakufa upesi kwa njia moja tu: nyembe za chembe ya mshale zikate mapafu au moyo, damu imwishie. Sehemu hiyo ya mwili wake ina upana wa inchi kama 8 hadi 10. Mshale ukienda nyuma kidogo ukaingia tumboni, atakimbia na maumivu kwa saa nyingi, na huenda usimpate kamwe. Ndiyo maana sikubali ukiniambia kuwa duka ni duka tu. Anayekuuzia upinde usiokufaa anashiriki katika mateso ya mnyama huyo, nawe unashiriki zaidi yake.

Dini yetu imelisema jambo hili waziwazi. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitofautisha windo lililochomwa kwa makali na lililopigwa kwa ubavu wa silaha: la kwanza huliwa, la pili ni mzoga. Ametufundisha tutaje jina la Mwenyezi Mungu tunapoachia mshale, tusile windo tulilolikuta limezama majini, na tunoe makali ili mnyama asiteseke. Ukimfikia akiwa bado yu hai, mchinje. Kwa hiyo unyofu wa mshale na ukali wa chembe ni masharti ya nyama kuingia chunguni mwako, na masharti hayo mawili huanzia kwenye meza ya fundi.

Upinde wanaoutumia wawindaji wengi wa Marekani siku hizi ni upinde wa roda, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Roda zilizo kwenye ncha mbili zikishazunguka hupunguza mzigo mkononi, hata upinde wa ratili 60 huweza kubakisha ratili 12 tu za kushikilia ukiwa umevutwa hadi mwisho. Nafuu hiyo ina sharti lake. Roda hupangwa kwa urefu mmoja wa kuvuta, nao ni urefu wa mikono ya mtu mmoja. Hakuna anayechukua kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwenzake akatumaini itamkaa. Urefu ukizidi, utaegemea nyuma, ugwe utakuchapa mkono, na mshale utakwenda popote. Ukipungua, nguvu inapotea na shingo inajikunja. Mshale nao una ugumu wake unaopaswa kulingana na uzito wa upinde. Ulio laini kupita kiasi huyumba hewani, na huweza hata kuvunjika unapoachiwa. Haya yote hayaonekani kwenye picha wala kwenye bei.

Sasa, duka la kuaminika utalijuaje? Sikiliza wanaanza na nini. Muuzaji anayeanza kwa kusifu kasi ya mshale anauza bidhaa. Fundi ataanza kwa kukuuliza unataka kuwinda nini, wapi, na kama umewahi kushika upinde. Atakuambia unyooshe mikono, akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, agawanye kwa 2.5 apate makadirio ya kuanzia: mwenye inchi 70 huanzia 28. Atakupima jicho lipi linatawala, kwa sababu wapo watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao la shabaha ni la kushoto, na hao wakipewa upinde bila kuulizwa hutaabika bila kujua sababu. Atakupa upinde mwepesi kwanza. Sheria ya Ohio inataka upinde wa kulungu usiwe chini ya ratili 40, na kijana mwenye afya hahitaji kuvuka hapo kwa mbali mwaka wa kwanza. Kipimo cha uzito unaokufaa ni rahisi: keti kitini, elekeza upinde mbele, vuta taratibu. Ukilazimika kuunyanyua kuelekea dari ili uvutike, ni mzito kwako, na muuzaji anayekwambia utauzoea anakudanganya.

Tazama pia vilivyomo dukani. Pawepo uwanja wa shabaha ambapo utajaribu pinde tatu nne kabla ya kulipa. Pawepo mashine ya kubana upinde, kwani bila hiyo ugwe haubadilishwi kwa usalama. Pawepo fremu iliyotandazwa karatasi. Mshale ukipigwa kupitia karatasi hiyo kwa karibu, tundu lake linasema kweli: likichanika upande, mshale hauruki umenyooka, na fundi atasogeza kipande kimoja baada ya kingine hadi tundu litulie. Kazi hii inachukua muda, na duka linaloifanya bila kukunja uso ni duka la kurudia. Zaidi ya yote, angalia kama wanaweza kukwambia hapana, upinde huu si wako, rudi wiki ijayo. Mwenye duka anayekubali kukosa mauzo ya leo ili upate kilicho sawa ndiye wa kumshika.

Utaniambia kwamba kwenye intaneti ni rahisi zaidi. Ni kweli, mara nyingi bei ya mtandaoni iko chini, na vipo vifurushi vyenye upinde, podo na vifaa vyote pamoja ambavyo si vibaya. Lakini hesabu mwisho wa safari. Upinde ukifika kwa posta, bado utahitaji mtu wa kuupanga, na huyo atalipwa. Ukikosea urefu, utabadilisha roda au utauza kwa hasara. Kama pesa ni haba, nunua uliotumika, ila ununulie mbele ya fundi, akague mikono ya upinde kama ina nyufa na ugwe kama umechakaa. Wala usiinunie bei yote. Kwa sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 1937 na kupanuliwa mwaka 1972 ili ishike na vifaa vya upinde, pinde zinatozwa kodi ya asilimia 11 inayokwenda kuhifadhi wanyamapori na kufundisha wawindaji. Fedha hizo zinamrudia kulungu huyohuyo.

Wengine watasema video zinatosha kukufunza. Video inakuonyesha mtu mwingine, haikuoni wewe. Haioni kwamba unabana kiganja, kwamba unainua kichwa kabla mshale haujafika. Uwindaji wa upinde wa Marekani wa leo wenyewe ulipita kutoka mkono hadi mkono. Daktari Saxton Pope wa California, ambaye jina lake limebaki kwenye chama cha wawindaji wa upinde cha Pope and Young kilichoundwa mwaka 1961, alifundishwa upinde na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, wenyeji wa asili wa California, aliyefariki mwaka 1916. Mwaka 1925 Pope alikuja hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Daktari wa upasuaji, msomi, alikaa mbele ya mtu aliyejua akajifunza. Nawe kaa.

Najua lipo jambo hukuliandika. Maduka haya mengi yako nje ya mji, na mgeni mweusi mwenye lafudhi huenda akaingia kwa wasiwasi. Wasiwasi huo una sababu, siudharau. Nenda mchana, nenda na mwenzako, salimu kwa adabu, sema wazi kwamba unaanza. Wapo mafundi wengi wanaofurahi kumpata mwanafunzi. Wakikupuuza au wakikucheka, toka bila ugomvi, maana asiyekuheshimu hatakupima kwa makini.

Ukishapata duka, usikimbilie msituni. Msimu wa upinde wa kulungu Ohio huanza mwishoni mwa Septemba na kuendelea hadi mapema Februari, na hakuna aibu kuupisha mmoja ukiwa bado unapiga shabaha. Usipige mnyama kwa umbali ambao hujauthibitisha uwanjani. Yadi 20 zinamtosha anayeanza. Usiachie ugwe bila mshale hata kwa mchezo, kwani nguvu hurudi kwenye mikono ya upinde na kuivunja. Kunja kidogo kila mshale wa kaboni usikilize kabla ya kuupiga. Wenye ufa unaweza kupasukia mkononi mwako. Ukipanda jukwaa la mtini, jifunge mkanda wa mwili mzima tangu mguu unapoacha ardhi, kwa sababu wawindaji wengi huumia kwa kuanguka. Fanya kozi ya wawindaji inayotakiwa kabla ya leseni, au chukua leseni ya mwanagenzi uende na mtu mzima mwenye leseni yake. Na ukija likizo Kenya, upinde uache huko, maana uwindaji umepigwa marufuku hapa tangu mwaka 1977.

Mama yako anakuombea. Nami nakuomba jambo moja: Jumamosi hii nenda dukani bila pesa mfukoni, upimwe tu, kisha uniandikie walikuuliza nini.

Wassalaam,
Mjomba wako